Fomu Yenye Tiki Kumi

Wanaosema hasira huanzia moyoni hawajawahi kufanya kazi na Kitinda. Yake ilianzia kwenye kabati la mafaili, Jumatano saa mbili na robo asubuhi, kabla hata hajavua koti.

Kitinda ni jina alilopewa na dada yake, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa nyumba yao, na kazini nako wakalidaka wakalitumia. Alikuwa muuguzi mkuu wa kliniki ya urembo iliyokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani: viti sita vyeupe pale mapokezi, vyumba viwili vya matibabu, na ofisi ya Daktari. Humo hamkuwa na kisu wala chumba cha upasuaji. Kazi yao ilikuwa sindano. Kuna ya kulegeza misuli ili makunyanzi ya paji la uso yanyooke, kuna ya kujaza mashavu yaliyoingia ndani, kuna ya midomo. Mteja anaingia saa nne, saa nne na nusu yuko barabarani na pakiti ya barafu mkononi. Kitinda alikuwa amewashika mikono wanawake wengi kwenye kile kiti, na hakuwa na dharau nao hata chembe. Wapo waliotoka pale wakitembea wima kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na aliyewacheka alimwona mpumbavu. Mtu anasuka nywele, ananyoosha meno, anavaa viatu vya kumwongezea urefu, hakuna anayemwuliza kitu. Uso umekosa nini?

Basi asubuhi hiyo alikuwa anatoa mafaili ya wateja wa siku. La kwanza, la pili, la tatu. La nne akalishika, akasoma jina, akalisoma tena. Lilikuwa jina alilolijua kabla hajajua kusoma. Dada yake.

Dada wa tumbo moja, fundi cherehani wa mtaa wa jirani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa na faili humo ndani. Na wala si mteja mpya. Alikuwa anakuja kwa mara ya nne. Zile mara tatu za nyuma zote ziliangukia Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ya mapumziko ya Kitinda. Hapo si bahati mbaya tena, hapo mtu amekaa akapanga.

Akatoka na faili mpaka mapokezi. Msichana wa mapokezi, ambaye kwa kuchekacheka kwake walimwita Tabasamu, alikuwa anafuta vumbi kwenye kaunta.

"Huyu mama wa saa tano," Kitinda alisema, "nani kamwandikia leo?"

"Mimi. Huwa anataka Jumanne tu, lakini wiki hii Jumanne Daktari hakuwepo, nikampeleka Jumatano. Akasitasita, ila akakubali." Tabasamu akamtazama. "Kwani vipi?"

"Unajua ni nani?"

"Mteja."

Msichana hakuwa na kosa, maana mteja ni mteja. Kitinda akarudi chumba namba mbili, akafunga mlango, akafungua faili, na huko ndiko damu ilikomchemka sawasawa.

Dawa ile ya kulegeza misuli hairudiwi kabla ya miezi mitatu. Hilo hata Tabasamu alilijua. Dada yake alikuwa amechomwa mara tatu ndani ya miezi mitano. Picha zilikuwepo, za kabla na za baada, zimebandikwa kwa mpangilio mzuri wa kupendeza. Ya kwanza ilimwonyesha Dada na ile mikunjo miwili iliyosimama katikati ya nyusi, mikunjo ya mtu aliyekodolea macho tundu la sindano ya cherehani miaka ishirini na saba. Ya pili, paji limenyooka, na Dada anatabasamu kweli, si tabasamu la kupigia picha. Ya tatu, ukope wa kushoto umeanguka. Dawa ilikuwa imeshuka pasipotakiwa, jicho likabaki nusu.

Kitinda akakaa chini. Akakumbuka miwani nyeusi. Wiki saba nzima Dada alivaa miwani nyeusi, ndani ya nyumba, mezani, hata akishona, na kila akiulizwa anasema macho yanawasha. Na yeye, muuguzi mkuu mzima, alimwambia nini kwenye simu? Alimwambia anunue dawa ya matone. Eti matone! Alifanywa mjinga kwenye taaluma yake mwenyewe, na aliyemfanya mjinga ni mtu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Akafunua ukurasa wa mwisho, na hapo ikabaki kidogo alirushe faili dirishani.

Ukurasa wa mwisho wa kila faili ulikuwa fomu ya moyo. Ndivyo walivyoiita wenyewe. Maswali kumi ya kumpima mteja kabla ya sindano: unajitazama kwenye kioo muda gani, umeacha kwenda mahali kwa sababu ya uso wako, nani kakushauri kuja, na mengine ya namna hiyo. Chini yake kuna maandishi: "ndiyo" nne au zaidi, mteja asichomwe, apelekwe kwa mshauri, na namba ya simu ya mshauri imeandikwa hapo. Ni fomu ya maana. Aliyeitunga alikuwa amefikiri.

Kwenye fomu ya Dada kulikuwa na tiki kumi, zote kwenye "hapana". Tiki zenye mkia mrefu unaopinda juu. Kitinda alizijua zile tiki kama anavyojua viganja vyake, kwa sababu ni zake.

Tuseme ukweli wote, maana hadithi hii haimwonei mtu. Miaka miwili nyuma, siku ambayo foleni ilifika kwenye ngazi na wateja wananung'unika kwamba maswali yanawachelewesha, Kitinda alichukua fomu moja, akaweka tiki kumi kwenye "hapana" kwa kalamu yake, akaipeleka kwenye mashine ya fotokopi, akatoa nakala mia mbili. Tangu siku hiyo mteja anapewa fomu iliyokwisha jibiwa, anatia sahihi, anapanda kitini. Kwenye kikao cha wafanyakazi Daktari alimpongeza mbele ya watu, wakampigia makofi. Nakala zikiisha, zinatolewa nyingine kutoka kwenye nakala. Hata mkia wa tiki ulikuwa umeanza kufifia.

Kwa hiyo mkono wa Kitinda ndio uliojibu kwa niaba ya dada yake, mara tatu, kwamba hana shida yoyote. Akiwa nyumbani kwake anafua.

Saa tano kasoro dakika tatu Dada aliingia. Mwanamke mrefu, gauni la kijivu alilolishona mwenyewe, na miwani ile nyeusi. Alipomwona Kitinda amesimama kwenye mlango wa chumba namba mbili, alisimama kidogo, halafu akaja moja kwa moja, maana hakuwa mtu wa kukimbia.

"Umelibaini," alisema.

"Ingia, Dada. Kaa."

"Hata salamu siku hizi hakuna?"

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Sasa nisikilize. Mimi ni mtu mzima, sikuja hapa kuiba. Nimekuja kama wanavyokuja wenzangu. Usinikaripie kwenye kazi yako."

Kitinda hakukaripia. Alifunga mlango, akamsogezea Dada kiti cha kawaida, si kile cha matibabu, akatoa karatasi kwenye droo. Ilimchukua dakika kumi kuitafuta asubuhi ile, fomu tupu, ya asili, isiyo na alama hata moja. Ilikuwa imebaki moja chini ya maboksi ya glavu.

Dada aliipokea, akavua miwani. Ukope wa kushoto ulikuwa umepanda, lakini bado haujafika ulikotoka. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena.

"Mbona hii haina tiki?"

Aliuliza hivyo hivyo, bila ubaya wowote, kama mtu aliyeuziwa shati lisilo na vifungo. Kitinda alitamani sakafu immeze.

"Leo tunajibu wenyewe," alisema. "Nitakusomea, wewe unajibu. Ukinidanganya nitajua."

"Aliyejibu mwanzo alijuaje?"

"Dada. Naomba."

Akaanza kusoma. Swali la kwanza, kama mteja hujitazama kwenye kioo zaidi ya saa moja kwa siku. Dada akasema hapana, Kitinda akaandika. Kisha Dada akasema, "Ngoja. Kile kioo cha dukani nimekigeuza. Kinatazama ukuta. Mteja akitaka kujiona na nguo yake anakigeuza mwenyewe, akiondoka nakirudisha. Hiyo unaiwekaje?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Kitinda akafuta "hapana", akaweka "ndiyo". Akaendelea. Kama ameacha kwenda mahali. Ndiyo, harusi mbili na mazishi ya jirani. Kama matibabu yaliyopita yalimpa unafuu wa muda tu. Hapo Dada akafikiri.

"Mara ya kwanza nilifurahi. Nisiseme uongo, nilifurahi sana. Wiki tatu nilijiona mtu. Mteja mmoja akaniuliza kama nimetoka likizo. Nilipika nikiimba, shemeji yako akashangaa." Akatabasamu kidogo, na paji la uso halikucheza. "Halafu siku moja nikaona hapa pembeni. Hapa pamenyooka, kumbe pembeni pameharibika. Sikuwa napaona mwanzo. Nikaja tena, wakanichoma pembeni. Nikaona chini ya macho. Nikamaliza chini ya macho, nikaona mdomo. Ukishona kipande kipya kwenye nguo ya zamani, ndipo unapoona nguo nzima imechakaa."

"Na jicho lilipoanguka?"

"Nilisema itapita. Nikarudi warekebishe."

"Wakakurekebishia kwa kukuchoma tena."

"Wakanichoma kwingine."

Kitinda alisimama, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Alikuwa anamwona Daktari na sauti yake ya upole, na yule mume wa dada yake, shemeji, mtu wa kuchekesha mbele za watu kwa mgongo wa mkewe. Alikuwa na hakika ni shemeji. Nani mwingine? Aliwahi kumsikia kwa masikio yake akimwita Dada "bibi kizee wangu" mbele ya wageni. Alikuwa amekwisha kupanga maneno atakayomwambia jioni hiyo, moja baada ya jingine, na yalikuwa maneno makali.

"Swali la saba," alisema. "Kuna mtu aliyekuambia kwamba uso wako unahitaji kurekebishwa?"

"Ndiyo."

"Najua ni nani. Na leo atanitambua."

"Hujui," Dada alisema.

"Ni shemeji."

"Shemeji yako haoni hata nikibadili mapazia. Ni wewe, Kitinda."

Kitinda akabaki na kalamu hewani.

"Mwaka jana, gauni lako la kusimamia harusi," Dada alisema. Hakupandisha sauti. "Umekuja kupima, umekuja na rafiki yako. Mimi nimepiga magoti nakupimia pindo, mdomo umejaa pini. Nikainua uso nikuulize kama urefu unatosha. Ukaniwekea kidole gumba hapa, katikati ya nyusi, ukabonyeza. Ukamwambia mwenzio, 'Hapa yuniti ishirini za dawa tu, Dada anarudi msichana.' Mkacheka. Na mimi nikacheka, na pini mdomoni."

Kitinda alikumbuka. Ubaya ni kwamba alikumbuka vizuri, na mpaka dakika ile aliikumbuka kama siku njema.

"Ilikuwa utani, Dada."

"Ulikuwa utani. Lakini tangu ulipoanza kazi hii hujanitazama machoni. Unaingia kwangu, kabla ya shikamoo unatazama hapa. Unatazama hapa, unatazama hapa, kama fundi anayekagua nguo iliyorudishwa. Nilikuwa nadhani labda ni uchovu. Halafu nikasema, huyu ndiye mtaalamu. Kama yeye anaona, basi kipo. Andika."

"Siwezi."

"Andika. Swali limeuliza, mimi nimejibu."

Akaandika "ndiyo", na mbele yake, kwenye mstari wa maelezo, akaandika "mdogo wangu". Mwandiko ulitoka vibaya. Hasira yote aliyokuwa ameipakia tangu saa mbili asubuhi, ya Tabasamu, ya Daktari, ya shemeji, ilikuwa imegeuka inamtazama yeye, na haikuwa imepungua hata kidogo. Tena ilikuwa imeongezeka, kwa sababu sasa ilijua nyumba ya kuingia.

Swali la kumi lilikuwa kama mteja amewahi kuona heri asingekuwepo. Dada alichezea kifungo cha mkono wa gauni.

"Siku moja tu," alisema. "Jicho lilipoanguka. Ikapita. Nina nguo za watu za kumaliza."

Ndiyo nane. Kitinda alichukua simu ya mezani, akapiga ile namba ya mshauri iliyoandikwa chini ya fomu. Miaka miwili ilikuwa pale, kwenye kila faili, na hakuna aliyeipiga, maana hakuna aliyewahi kusema ndiyo. Ikaita mara nne, akapokea mwanamume.

"Nazungumza na ofisi ya mshauri?"

"Mshauri wa nini? Hapa tunauza rangi za nyumba. Unataka ya mafuta au ya maji?"

"Namba hii mnayo tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Mama, unataka rangi?"

Akakata simu. Kabati zima, wanawake mia kadhaa, na msaada wao ulikuwa duka la rangi. Aliweka mkono juu ya simu akaukandamiza, kwa sababu ungeachwa huru ungevunja kitu.

Mlango ukafunguliwa, Daktari akaingia na trei mkononi: sindano, pamba, spiriti, kichupa cha dawa. Alikuwa mwanamke nadhifu wa miaka hamsini hivi, paji lake laini kama yai, na hajapata kumfokea mtu tangu afungue ile kliniki.

"Tumechelewa kidogo," alisema. "Mteja yuko tayari?"

"Hachomwi," Kitinda akasema. "Soma."

Daktari aliipokea fomu, akaisoma yote. Huyu, tumpe haki yake, hakujitia hamnazo. Alipofika swali la kumi alimtazama Dada, akarudi kwenye karatasi.

"Kwa nini umetumia fomu tupu?"

"Kwa sababu ndiyo fomu."

"Utaratibu wa zile nyingine uliuleta wewe."

"Niliuleta mimi, wewe ukanipigia makofi. Na kuchoma mtu mara tatu ndani ya miezi mitano niliuleta mimi pia? Jicho limelala, badala ya kungoja unamtafutia pengine pa kuchoma. Na mshauri wako anauza rangi za nyumba. Nimempigia sasa hivi."

Daktari aliweka trei mezani polepole. "Kitinda, huyu ni mtu mzima mwenye akili timamu. Alikuja kwa miguu yake, mara zote. Kila mwezi wanakuja watu hapa kuniambia kwamba wanawake hawajui wanachotaka. Wachungaji, waume, waandishi. Sikutegemea kulisikia kwako." Akamgeukia Dada. "Mama, unataka au hutaki?"

"Nataka," Dada alisema.

"Umesikia. Nakupa dakika tano umtayarishe. Kama huwezi, nitamtayarisha mwenyewe." Akatoka, akaacha mlango wazi nusu.

Kitinda aliusukuma kwa mguu. Kilichomkera zaidi ni kwamba yule mwanamke hakuwa mwongo. Lile neno lake lilikuwa neno la kweli, ila alikuwa ameligeuza mlango wa kujifichia.

"Twende nyumbani," alimwambia Dada.

"Niende nikafanye nini? Nikitoka hapa nakwenda kule mtaa wa posta, wana kliniki, hawaulizi lolote. Usidhani sijapaona."

"Nitakufuata."

"Utanifuata mpaka lini? Una kazi, una watoto." Dada alikunja miwani yake, akaifungua, akaikunja. Kisha akasema, "Basi. Nikupe sharti moja. Nitazame."

"Nakutazama."

"Hapana. Nitazame dakika moja, kama ulivyokuwa ukinitazama ukitoka shule. Ulikuwa unasimama mlangoni, mimi niko kwenye cherehani, unanitazama tu mpaka ninyanyue kichwa. Hukuwa unatafuta kitu. Mimi nitahesabu mpaka sitini. Ukifika, naondoka, na sindano basi, hapa na kwingine. Ukishindwa, unamwita Daktari wako, na unanishika mkono kama unavyowashika wengine."

Kitinda nusura acheke kwa nafuu. Sekunde sitini, kumtazama dada yake! Alivuta kiti chake kidogo cha magurudumu, akakaa, magoti yakagusana.

"Moja," Dada akaanza. "Mbili. Tatu."

Macho ya Dada yalikuwa ya kahawia, kushoto pana doa dogo jeusi. Nne, tano. Kitinda alilijua lile doa, alikuwa amelisahau. Sita. Ukope wa kushoto umebaki chini milimita moja, labda moja na nusu, wiki tatu utakuwa umemaliza. Saba. Paji limekaza upande mmoja, aliyechoma alikwenda juu mno, ingetosha yuniti nne hapa na mbili...

Dada alikuwa ameacha kuhesabu.

"Umeenda," alisema.

"Nimerudi."

"Umeenda, Kitinda. Hata kumi hatujafika."

Hakusema kwa kumsuta, na hilo ndilo lililomkata maini. Kitinda alikuwa tayari kugombana na nchi nzima kwa ajili ya uso ule, na macho yake mwenyewe hayakuweza kukaa juu yake kwa muda wa kumeza mate. Alikuwa amelipa ada kuyafundisha. Ana cheti ukutani. Aliyakasirikia kama mtu anavyomkasirikia mbwa wake aliyemng'ata mtoto wa nyumbani.

Daktari akagonga. "Mko tayari?"

Dada alikuwa amekwisha simama. Alipanda kwenye kiti kirefu cha matibabu, akaegemea, akafumba macho, akanyoosha mkono pembeni, kiganja juu, ukisubiri kushikwa. Ahadi ni ahadi.

Kitinda alichukua trei. Akafungua mlango, akamkabidhi Daktari trei yake mikononi, na sindano zake zote.

"Shika hii," alisema, akafunga mlango, akazungusha ufunguo.

Dada alifumbua macho aliposikia kitasa. Kitinda alimshika bega, akamwinua, akamketisha wima kwenye kiti kile kile, yeye akavuta kile chake kidogo mpaka karibu.

"Tuanze tena."

"Tulikubaliana."

"Nilishindwa, nimekiri. Tuanze tena."

"Utashindwa tena."

"Nitashindwa. Nina mpaka saa kumi na moja jioni, na ufunguo ninao mimi. Hesabu."

Huko nje Daktari aligonga, akamwita kwa jina, kisha kwa cheo. Sauti ya Tabasamu ikauliza kuna nini. Dada alimtazama mdogo wake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulitaka kukunjamana, dawa ikauzuia, machozi yakapita juu ya uso uliotulia kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Moja," alisema. "Mbili."

Akaishia tisa. Kitinda akaomba msamaha, wakaanza upya. Akaishia kumi na moja, kisha sita, na hapo Kitinda akatukana tusi ambalo halikuwahi kutamkwa mbele ya Dada, na Dada hakumkemea. Nje walikuwa wanatafuta ufunguo wa akiba. Mara ya tano akafika kumi na tisa.

"Umeenda," Dada alisema.

"Najua," Kitinda akasema. "Hesabu."